Mti wa Krismasi, Tingatinga au kinyago cha Kimakonde: kipi kikae kwenye ukuta mkubwa wa sebule?

NyumbaMpyaGoba
Habari za jioni wakuu.

Baada ya miaka 11 ya kupanga, kuanzia chumba kimoja Manzese hadi vyumba viwili Sinza, mwezi wa kumi tumehamia kwetu, Goba. Sebule ina ukuta mmoja mtupu unaotazamana na mlango. Mgeni akiinama kuvua viatu, akinyanyuka macho yanatua pale pale. Krismasi ya mwaka huu wageni wanakuja kwangu, na nataka mtu akiingia ajue yuko kwa nani kabla sijamkaribisha.

Nina uwezo wa kununua kitu kimoja cha maana. Nimezunguka wiki mbili, vimebaki vitatu. Kuna mti wa Krismasi wa plastiki wa futi 7 na taa na mapambo yake yote, Kariakoo, mtaa wa Kongo. Kuna mchoro wa Tingatinga, twiga watatu chini ya mbuyu, upana unapita mita moja, nimeuona Oysterbay kwa wachoraji wenyewe. Halafu Mwenge kuna kinyago cha ujamaa, watu wamebebana kwenda juu, kimo chake ni kutoka kiwiko changu hadi ncha ya vidole.

Kila kimoja nikikitazama naona ni mimi. Wenye uzoefu nisaidieni, siku zinakwenda.

Kaskazi
Mti. Umesema mwenyewe Krismasi. Twiga wapo mwaka mzima.

MamaPacha_Tabata
Hongera sana dada, kutoka kwenye nyumba ya kupanga ni jambo la kupigiwa vigelegele. Ila umetuacha njiani. Bajeti shilingi ngapi? Una watoto wadogo? Kuna mtu mwingine anaishi humo mwenye sauti yake? Pacha wangu walipokuwa na miaka 2 mti ulianguka mara tatu kabla hata mkesha haujafika, mmoja alikuwa anavuta waya wa taa.

FundiUkonga
Naongezea hapo kwa MamaPacha. Ukuta ni tofali tupu au umezibwa kwa jipsamu? Plasta imepigwa lini? Jua la jioni linaufikia? Watu wananunua kitu cha laki tatu halafu hawajui kinaning'inia kwenye nini.

NyandaZaJuu
Mimi natoka Mufindi, kwetu misonobari ya Sao Hill inaanzia barabarani mpaka macho yanachoka. Mti wa plastiki siuelewi. Mti wa Krismasi ni harufu. Ukiingia ndani utomvu ukakupiga puani unajua sikukuu imefika. Agiza tawi la msonobari lije na basi la usiku, asubuhi unalipokea stendi ya Magufuli. Litakugharimu kidogo, na hela inayobaki nunua hicho kinyago.

Kaskazi
Mkuu, tawi la Mufindi kwenye joto la Dar la Desemba? Siku ya tatu sindano zote ziko chini kwenye vigae.

NyandaZaJuu
Liweke kwenye ndoo yenye maji na mawe, libadilishie maji kila asubuhi. Mimi langu lilifika siku 9 nikiwa Kimara.

MzeeKigamboni
Nimesoma nikakumbuka mbali. Sisi tuliokulia Temeke miaka ya 70 hatukujua mti wa dukani. Tawi la mvinje ndilo lilikuwa mti wetu. Kaka zangu walikwenda kulikata ufukweni, wanarudi nalo kwenye baiskeli linaburuza nyuma yao, watoto wa mtaa wanalifuata. Linasimamishwa kwenye debe la mchanga, debe linavishwa karatasi ya kung'aa. Mama anafungua furushi la pamba, ile ya hospitalini, anaichambua na kuitandaza juu ya matawi iwe theluji. Hakuna aliyekuwa ameiona theluji mtaa mzima.

Kilichopamba ukuta kilikuwa kadi. Kila kadi iliyokuja kwa posta ilitundikwa kwenye uzi kutoka pembe hii ya sebule hadi pembe ile. Mgeni akifika anazisoma moja moja: hii ya mjomba Tabora, hii ya padre, hii ya yule binti aliyeolewa Moshi. Hapo ndipo ulipojua nyumba ile ina watu gani. Kwenye ukuta wenyewe zilikuwepo picha ya Mwalimu, kalenda na picha ya harusi ya wazazi, na juu ya kila kochi kitambaa alichofuma mama kwa mkono wake.

Bibie, kabla hujatoa hela, jiulize: wazazi wako walitundika nini?

MamaPacha_Tabata
Shikamoo mzee. Uzi wa kadi! Nyumbani kwetu Ilala ulikuwepo mpaka miaka ya 90, na maputo pembeni.

Mtoto_wa_Mwenge
Nimezaliwa kwenye vumbi la mpingo, baba yangu ni mchongaji, kwa hiyo nitasema upande wangu bila kujificha. Dada, kati ya vitu vitatu ulivyotaja, kimoja tu wajukuu wako watakigombania.

Ujamaa unaouona pale ni mtindo uliozaliwa hapa hapa. Wamakonde wengi walitoka Msumbiji na nyanda za Newala wakaja Dar miaka ya 50 kutafuta riziki, na mikononi mwao ndipo uchongaji ulipobadilika. Samaki Likankoa alianzisha mtindo wa shetani mwishoni mwa miaka hiyo. Roberto Yakobo ndiye anayetajwa kwa huu wa watu kubebana, ambao baadaye ulipewa jina la ujamaa. Gogo ni moja. Hakuna gundi wala msumari. Mchongaji anatoa mtu mmoja mmoja kutoka kwenye mti mmoja, na akikosea hana pa kurudi.

Sasa namna ya kununua, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Mpingo ni mzito kuliko maji, ukiuweka kwenye ndoo unazama. Angalia kama kuna mstari wa rangi ya krimu pembeni, hiyo ni sehemu ya nje ya mti, wachongaji wengi huiacha makusudi ionekane. Mwombe muuzaji akwangue kidogo chini ya kitako. Unga ukitoka mweusi au wa zambarau iliyokolea uko salama, ukitoka mweupe ondoka. Ukifika nyumbani usikiweke mbele ya kiyoyozi wala kwenye jua la dirishani, mpingo hupasuka ukikaushwa ghafla.

MamaPacha_Tabata
Laiti ningeyajua haya miaka minne iliyopita. Naomba niseme kwa kirefu, isimpate mwingine.

Baba yangu alistaafu baada ya miaka 36 ya kufundisha. Tukachanga sisi wanne tumnunulie kitu ambacho akikitazama ajue tumeona kazi yake. Kaka akasema saa ya ukutani, mimi nikasema hapana, baba kafundisha watu, tumpe kinyago cha watu waliobebana, awe yule wa chini kabisa. Walikubali wote na hela wakanikabidhi mimi.

Sikwenda sokoni. Nilikuwa na haraka, mtu mmoja aliyekuwa akitembeza vinyago kwenye foleni akanisimamisha, nikakiona, kinang'aa, cheusi tii. Nikalipa 280,000 dirishani mwa gari. Sherehe ilikwenda vizuri, baba alilia. Akakiweka juu ya kabati la vitabu, kila mgeni anaonyeshwa: huyu wa chini ni mimi.

Mwezi wa pili mama akanipigia, anasema kila akifuta kabati kitambaa kinatoka cheusi. Nikamwambia ni vumbi. Mwezi wa tatu akasema kuna unga kama wa sembe chini ya kinyago. Nilipokwenda nikakigeuza: vitundu kama vya sindano, kumi, ishirini, mbao nyeupe ndani. Ilikuwa mti laini wa kawaida uliopakwa kiwi ya viatu. Wadudu walikuwa wameshatoka wakaingia kwenye kabati lenyewe, kabati la mninga la bibi yangu, upande wa nyuma wa mbao laini ukaliwa wote.

Kilichoniumiza si hela. Baba alikataa kukitupa. Alikipaka mafuta ya taa, akakifunga kwenye nailoni wiki mbili, akakirudisha pale pale. Bado kipo. Yule wa chini mguu umeshakatika. Kila nikiingia sebuleni kwa wazazi wangu nakiona, na najua ni mimi niliyekileta.

Kwa hiyo dada nakuomba, usinunue kitu chochote ukiwa na haraka.

Mtoto_wa_Mwenge
Pole sana dada. Baba yako ni mtu wa heshima kubwa. Njoo Mwenge na huo mguu uliokatika, baba yangu anaweza kuuchongea mwingine wa mpingo. Nitakuandikia kwenye sanduku la ujumbe.

BintiKilwa
Mwenye mada yuko wapi? Ametuachia maswali yetu yananing'inia. MamaPacha aliuliza kama kuna mtu mwingine nyumbani mwenye sauti, sijaona jibu.

NyumbaMpyaGoba
Nisameheni wakuu, kazini kulibana. Najibu yote.

Bajeti ni 400,000, isizidi. Mtoto mmoja, miaka 5, mtundu wa kiasi. Ukuta ni tofali za saruji, plasta imepigwa mwezi wa nane, rangi mwezi wa tisa. Jua la jioni linaingia kwa dirisha la magharibi na linafika nusu ya ukuta.

Na kuna jambo sikulisema mwanzo. Mimi ni Mkatoliki wa Mbinga. Mume wangu ni Mwislamu, Mmakonde wa Newala. Tulifunga ndoa bomani na kila mtu yuko kwenye dini yake. Tangu tuhamie mama yake anaishi nasi. Krismasi hii ni ya kwanza kwake ndani ya nyumba moja na mimi.

FundiUkonga
Hilo ndilo lilitakiwa liwe sentensi ya kwanza.

MkaziWaMagomeni
Dada, nikushauri kwa wema. Sanamu ya kiumbe chenye roho, yenye umbo kamili, wanazuoni wengi wanaikataza ndani ya nyumba. Kuhusu michoro ya ukutani wamehitilafiana, ila wengi wanaona bora kuiepuka pale mtu anaposwali. Kama mama anaswalia sebuleni, twiga watatu mbele yake ni mtihani. Usimwingize mzazi kwenye hali ya kunyamaza kwa adabu huku moyo haujatulia.

Kaskazi
Lakini nyumba si ya mama mkwe. Imejengwa na mume na mke.

MkaziWaMagomeni
Sijasema ni ya mama. Nimesema asilazimishwe kunyamaza.

Mtoto_wa_Mwenge
Na mimi niseme, Wamakonde wa Newala wengi ni Waislamu na vinyago vipo kwao vizazi na vizazi. Kabla ya kumsemea mama, aulizwe. Inawezekana amekulia karibu na mchongaji kuliko sisi sote hapa.

BintiKilwa
Naam, aulizwe. Na wakati anaulizwa naomba niweke chaguo la nne mezani, maana naona wote mmesahau kitu kilicho kabatini mwa kila mwanamke wa Dar: kanga.

Chukua kipande kimoja cha kanga nzuri, kina kama mita moja na nusu kwa upana, kinajaza ukuta huo vizuri kabisa. Kina pindo, kina mji, kina jina. Jina ndilo linalomwambia mgeni yuko kwa nani, na limeandikwa kabisa! Hakuna kiumbe chenye roho, hakuna dini inayonuna. Krismasi kipo, Idi kipo, Maulidi kipo. Ukichoka unabadilisha, ile ya zamani unajifunga jikoni. Kwangu nimetundika ya "Mgeni njoo mwenyeji apone", ya bibi yangu, rangi imekwajuka kidogo, na hakuna aliyeingia bila kuisoma kwa sauti.

Ioshe kwanza kwa maji ya chumvi itoe rangi ya ziada na ule wanga wa dukani. Fundi wa fremu akutengenezee fremu ya mbao nyepesi, aivute iwambike kama ngoma, asiweke kioo. Hela yote pamoja na fremu haifiki laki moja.

Kaskazi
Kanga ni nguo, bibie. Mtu anaweza kuona umeanika.

BintiKilwa
Kanga ni nguo, na pia ni barua, na ni zawadi ya uzazi, na ndiyo tunayofunikiwa tukifa. Ukiwa na kitu chenye kazi zote hizo, ukutani hakitoshi kwa nini?

Msomi_Mabibo
Nasoma saikolojia, na mada hii inagusa utafiti mmoja tuliofundishwa. Mwaka 1989 watafiti watatu wa Marekani, Carol Werner, Sharon Peterson-Lewis na Barbara Brown, walichapisha matokeo ya kazi yao. Waliwaonyesha watu picha za nyumba ambazo hawazijui, nyingine zimepambwa kwa Krismasi, nyingine hazijapambwa, wakawauliza wanaoishi humo wanaonekana watu wa namna gani. Mapambo yalisomwa kama dalili kwamba mwenye nyumba ni mtu wa watu, anaelewana na majirani. Yaani mapambo yanaongea hata mwenyewe akiwa hayupo.

FundiUkonga
Hizo ni nyumba za kule ambazo mbele hakuna ukuta. Hapa Goba mtu ana ukuta wa futi 8, vipande vya chupa juu, geti la bati limefungwa. Jirani atayaona wapi mapambo?

Msomi_Mabibo
Hoja nzuri mkuu. Ndiyo maana kwetu sebule inabeba kazi ambayo kule inabebwa na mbele ya nyumba. Mgeni akivuka geti ndipo nyumba inaanza kusema.

MzeeKigamboni
Zamani Temeke hatukuwa na geti. Mlango wazi, pazia tu, na pazia jipya la sikukuu lilionekana mpaka barabarani. Waislamu wanabadilisha mapazia ya Idi, Wakristo ya Krismasi, na jirani anakuja kukopa muundo wa cherehani. Sahani za pilau zilikwenda zikarudi na biriani.

FundiUkonga
Kama ni taa, tundika getini basi, watoto wa mtaa nao wafurahi. Na msiogope umeme. Waya wa taa 100 za LED unakula wati 5 mpaka 10. Chukua waya wa wati 8, uwashe kwa muda wa saa 6 kila jioni kwa siku 30: haifiki uniti moja na nusu ya LUKU. Zile za glopu ndogo za zamani ndizo zinakaribia wati 40 kwa taa 100, na zinapata moto. Usizisogeze kwenye pazia, usilale zikiwaka, na usitumie ekstensheni nyembamba kuunganisha nyaya tano. Nje chukua zilizoandikwa za nje, mvua za vuli zinaweza kukufuata mpaka Desemba.

Sasa turudi ukutani, maana hapo pananiwasha. Plasta ya mwezi wa nane, rangi juu yake mwezi wa tisa. Saruji ile haijamaliza kutoa maji. Ukibandika mchoro wa kitambaa umelala moja kwa moja ukutani, unyevu unanasa nyuma, unapata ukungu mweusi ambao hautoki. Weka vipande vya mpira au kizibo kwenye pembe nne za nyuma ya fremu, hewa ipite. Tofali la saruji usipige msumari wa kawaida. Tumia drili, plagi za plastiki na skrubu.

NyandaZaJuu
Bado hakuna aliyezungumzia Tingatinga kwa dhati. Mimi nauliza wazi: si vitu vya watalii hivyo? Twiga, simba, mlima. Mimi Mhehe nimekaa na twiga lini?

MamaPacha_Tabata
Nami nina wasiwasi huo. Kila hoteli ina twiga wale wale.

Kaskazi
Nilisema mti mwanzo, lakini hapa siwezi kunyamaza. Edward Saidi Tingatinga alikuwa kijana wa Tunduru aliyekuja Dar kutafuta kazi. Alianza kuchora mwaka 1968, kwenye vibao vya dari vya futi 2 kwa 2, kwa rangi ya mafuta inayopakwa kwenye baiskeli, kwa sababu ndivyo alivyoweza kuvipata. Akauza nje, pale Morogoro Stores, Oysterbay. Alichora miaka minne tu, akafa 1972 kabla ya kutimiza miaka 41. Ndugu na vijana aliowafundisha wakaendelea: January Linda, Ajaba Mtalia, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata. Mwaka 1990 wakawa na ushirika wao. Wageni walinunua, ni kweli, lakini kitu chenyewe kimezaliwa kwenye vibao vya dari vya Dar es Salaam. Tazama hata jina lake: Edward Saidi. Kwa nyumba ya dada huyu jina hilo peke yake lina maana.

Na si lazima twiga. Wapo wanaochora soko, kliniki, daladala, harusi. Wanachora kwa agizo pia. Dada, waambie wakuchoree Goba na Newala na Mbinga kwenye kibao kimoja, watakuchorea.

BintiKilwa
Hapo umenigusa Kaskazi. Hilo la Edward Saidi sikuwahi kulifikiria.

MkaziWaMagomeni
Soko bila nyuso zilizochorwa kwa undani, au miti na nyumba tu, hata mimi ningeliweka kwangu.

MzeeKigamboni
Nilikuwa napita Nyumba ya Sanaa, mtaa wa Ohio, nikitoka kazini miaka ya 80. George Lilanga alianza pale akiwa mlinzi wa usiku, akaishia kujulikana dunia nzima kwa yale mashetani yake ya rangi. Vijana walikaa barazani wanachonga na kuchora, unanunua kwa mtu mkono wake ukiwa bado na rangi. Jengo lile limeshabomolewa. Napita pale na moyo unauma kila mara. Mji unaobomoa nyumba ya wachoraji wake, watoto watapamba kwa nini kama si kwa plastiki?

Kaskazi
Shikamoo mzee. Tulipelekwa pale tukiwa darasa la nne. Bado nina batiki niliyonunuliwa siku ile.

Msomi_Mabibo
Kuna mtu anajua fundi wa fremu mwenye bei ya kawaida maeneo ya Ubungo au Sinza? Nina kanga ya mama sasa imeanza kuniita.

BintiKilwa
Mtaa wa Msimbazi wapo wengi, mdogo wangu. Peleka kanga mwenyewe, usiiache. Simama mpaka aiwambe.

NyandaZaJuu
Mwenye mada, umemuuliza mama?

NyumbaMpyaGoba
Wakuu nimerudi. Jumamosi tulikwenda wote Mwenge: mimi, mume wangu, mama na mtoto. Nilikuwa sijamwambia mama tunakwenda kuangalia nini, nilisema tunatembea.

Mume wangu ndiye aliyesitasita, hata kabla hatujaingia. Alisema hapendi vinyago sebuleni, na sikujua hilo miaka yote hii. Mama ndiye aliyekwenda moja kwa moja. Alikiona kile cha ujamaa, akachuchumaa, akaanza kuhesabu watu kutoka chini kwa kidole, kwa Kimakonde. Alipofika juu akarudi chini, akashika mabega ya yule wa mwisho, akasema, "Huyu hana anayemwona."

Kisha akamuuliza mchongaji kwao wapi. Ilikuwa Mueda, ng'ambo ya Ruvuma. Wakazungumza karibu saa nzima, mimi sikuelewa neno. Baadaye nilimuuliza mama kama angependa kiwe ukutani kwetu. Akanijibu kwamba utotoni mwake sura za mti zilitoka kwa ngoma ya mapiko tu, vijana wakitoka jandoni, na zikimaliza zinafichwa. Kitu cha ngomani hakikai mahali pa kulia wali. Lakini akasema hiki si lipiko, si sura ya kuvaliwa ngomani, hiki ni watu, na hajui kama sheria ni ile ile. Anataka kufikiri. Alinunua mwiko wa mninga, akasema wa kwangu ni mwepesi mno kwa ugali.

Kuhusu Krismasi, aliniuliza mbona sijatafuta mvinje. Newala aliishi jirani na misheni, wakati wa Krismasi walikuwa wanaitwa kula, na mti ulikuwa tawi la kukata.

Kwa hiyo bado sijanunua. Mtoto amebandika mchoro wake katikati ya ukuta kwa selotepu: nyumba, mabati ya bluu, watu wanne wamesimama nje. Kila nikitaka kuubandua mume wangu anasema ngoja.

Mtoto_wa_Mwenge
Mama yako ni hazina. Mwambie mapiko na ujamaa ni vitu viwili, hiki cha pili kilichongwa tangu mwanzo kionekane na kila mtu. Nikitoka zamu nitamuuliza mzee wangu zaidi.

MkaziWaMagomeni
Mpe mama muda. Na mume naye, amesema jambo lake kwa mara ya kwanza.

Kaskazi
Mvinje basi! Kigamboni ipo mingi, mzee atakuonyesha.

MzeeKigamboni
Ipo, lakini siku hizi usikate hovyo ufukweni, miti ile inazuia mchanga. Nina mmoja nyumbani kwangu nimeupanda mwenyewe, unahitaji kupogolewa. Njooni tarehe 22 na kamba. Debe ninalo.

MamaPacha_Tabata
Na pamba nitaleta mimi.

FundiUkonga
Mimi bado niko kwenye plasta. Dada, kabla ya kitu chochote chenye uzito, kata kipande cha nailoni kama ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, hewa isipite. Kiache siku moja usiku na mchana. Ukikuta matone ndani, ukuta haujakauka, subiri mpaka Februari. Fanya sehemu mbili, juu na chini, chini huchelewa.

NyumbaMpyaGoba
Nimebandika viwili sasa hivi, kimoja juu na kimoja chini ya mchoro wa mtoto. Mama ameuliza ni pambo la nini. Kesho usiku nitaleta majibu.